Salamu Mbele ya Kamera

Maman Régine alikuwa na swali moja tu, na alikuwa na hamu kubwa ya kuliuliza. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee kule Laeken, jijini Brussels, na Kiholanzi alikuwa amejifunza kwa wazee haohao, matusi yao yakiwemo. Ndiyo maana televisheni ya Waflemi, Wabelgiji wasemao Kiholanzi, ilimwalika kwenye mdahalo wa uchaguzi wa 2014. Televisheni za Ubelgiji za Kifaransa hazimwonyeshi hewani moja kwa moja mgombea wa siasa kali za mrengo wa kulia. Za Waflemi humkaribisha na maji ya kunywa juu. Basi leo mgombea wa namna hiyo alikuwa amekaa palepale mezani, yule aliyetaka wahamiaji wasilete watoto wao. Na Darlène, binti wa Régine, alikuwa bado Bukavu, kwao Kongo, akingoja viza.

Mtangazaji akamwita. Badala ya kwenda kwenye maikrofoni, Régine akashika njia ya meza ya mgombea. Mauwa, rafiki yake aliyeketi naye, akamvuta nguo.

"Maman, unaenda wapi? Hapa bantu habamupatiake mukono!"

"Bon, niongee na muntu sijamusalimia? Sikulelewa vile."

Loo, mgombea alichanua! Wenzake mezani wote walikuwa wamemnyima mkono, na sasa mama Mwafrika anampa. Akaupokea, akaigeukia kamera. "Mnaona? Huyu haniogopi."

Régine roho ikamruka. Kumbe salamu yake imempamba mgombea! Lakini kwao mkono hauachiwi mpaka habari za nyumbani ziishe. Akaukaza, akaendelea kwa Kiholanzi.

"Mke wako hajambo?"

"Hajambo, asante."

"Na watoto? Unaishi nao?"

"Wote, namshukuru Mungu."

"Wangu yuko Bukavu. Ukishinda, atabaki huko bila mama?"

Mgombea akajaribu kujinasua, wapi! "Kwa mama mchapakazi kama wewe," akasema akitabasamu kwa shida, "mwanao tungeweza kumfikiria."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Furaha ilimpanda Régine mpaka kooni. Darlène! Nchi nzima imesikia! Angeweza kushukuru na kurudi kukaa. Akageuka, akamwona Mauwa, ambaye watoto wake nao walikuwa bado kule Kongo, Uvira, ameziba mdomo kwa kiganja.

"Asante," Régine akasema, bado kamshikilia. "Na wa dada yangu yule?"

Hapo ndipo mgombea alipouchomoa mkono wake kwa nguvu, kamera ikimtazama.