Kibao Shingoni mwa Mama

Moraa alikuwa anakatakata sukuma wiki jikoni kwake Northfield, ughaibuni, jioni ya Alhamisi, mama yake aliyezikwa Kisii mwezi wa Aprili alipoingia kwa mlango wa nyuma, akapangusa miguu, akauliza nyumba hii hunywa chai saa ngapi. Shingoni alikuwa amening'iniza kibao cha shule.

Zamani, katika shule aliyosoma mama, mtoto aliyesikika akisema Kikisii alivishwa kibao hicho, naye akawa anamvizia mwenzake ateleze ulimi amvishe. Aliyebaki nacho jioni alichapwa.

"Sikupata wa kumpa," mama alisema, akipuliza chai. "Na huko kwa waliotangulia hawanipokei nikiwa nacho."

"Sugar, Gran?" aliuliza Kemunto, binti wa Moraa, akamtilia vijiko viwili.

Moraa ni daktari wa lugha na fasihi ya Wachicano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Chuoni hufundisha jinsi watoto wao walivyochapwa kwa kusema Kihispania darasani, na wanafunzi hutoka wakipenga kamasi. Kihispania hicho hukimwaga kama maji. Kikisii hana hata neno. Alilelewa Nakuru kwa Kiswahili na Kiingereza tu, na kwa miaka mingi alimwekea mama kinyongo kwa hilo.

Jumapili, baada ya ibada, alimwomba Bethuel, nesi mwenyeji wa Kisii, amfundishe sentensi moja ya Kikisii: Mama, nipe mzigo wako. Bethuel alimkaririsha pale pale kwenye maegesho. Aliuliza tu kama mama anakula vizuri.

Jioni Moraa alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, akaanza. Mama akaziba masikio kwa viganja.

"Nyamaza, mwanangu. Nikikusikia itabidi nikuvishe."

"Nivishe, Mama. Ndiyo maana nimejifunza."

"Kwani unadhani kwa nini sikukufundisha?"

Moraa alilia kama mtoto. Aliirudia sentensi ile mpaka koo likakauka, na mama akazidi kukaza viganja, macho yakiufuata mdomo wa bintiye kwa fahari aliyoshindwa kuificha.

Kemunto akachungulia mlangoni. "Mom, what's that you're saying? Teach me."

Moraa alikitazama kibao, kisha shingo nyembamba ya mtoto.

"Nothing, love," alisema. "Go and do your homework."

Mama akashusha mikono, akaomba chai nyingine.