Mtu wa Kupimia

Jumatatu moja asubuhi, mhadhiri wa jiolojia alikunja mkono wa blauzi ili aoshe kikombe kwenye sinki ya idara, akaona mkono wake una mistari. Kipande cheusi, kipande cheupe, kipande cheusi, kuanzia kwenye vidole hadi begani, kama kile kijiti cha kupimia kinachowekwa kando ya mwamba unapopigwa picha. Aliisugua kwa sabuni ya vyombo. Haikutoka. Akamaliza kuosha kikombe, akamimina chai.

Fundi wa maabara, mtu asiyekubali kupitwa na jambo, alileta rula ya chuma akapima. "Sentimita moja moja, hakuna iliyozidi," alisema. "Vijiti vya dukani hudanganya kidogo. Hii ni safi kabisa."

Ijumaa ilipofika, mistari ilikuwa imemshuka hadi nyayoni. Alimwonyesha mama yake, ambaye aliishi naye. Mama alivaa miwani, akaugeuza mkono wa mwanawe huku na huku.

"Paka mafuta," alisema, "na uache kushinda juani." Kisha akarudi kwenye vitunguu vyake.

Chanzo hakikuwa siri. Anayepiga picha ya ufa lazima aweke kitu kando yake, nyundo au hata kalamu, la sivyo msomaji hatajua kama anatazama ufa wa kumeza gari au wa kupitisha sisimizi. Mhadhiri alipokuwa bado mwanafunzi wa uzamivu, siku yao ya kwanza korongoni, Profesa alisahau nyundo ofisini. Huyu Profesa ndiye aliyekuwa msimamizi wake, bingwa wa miamba iliyopasuka, mwenye sauti ya upole na kumbukumbu fupi kwa vitu vya wenzake.

"Hebu simama hapo, binti," alimwambia. "Tuone ukubwa."

Alisimama, na picha ikatoka vizuri mno. Tangu siku hiyo Profesa hakubeba nyundo tena.

Kila mwaka walirudi kwenye korongo lile, naye akasimama pale pale, mgongo umeegemea ufa. Mwamba ulikuwa na tabaka jeupe ambalo ufa ulilikata katikati. Upande wa kushoto lilipita chini, usawa wa nyayo zake. Upande wa kulia liliendelea juu zaidi, usawa wa goti. Vitabu vyote vilisema ufa huo ulikufa zamani za kale. Lakini kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake, na waandishi wa vitabu hawakuwahi kuegemea pale. Mwaka mmoja tabaka la kulia lilimpita goti. Miaka kadhaa baadaye likamgusa paja. Yeye hakuwa amefupika. Ni upande ule wa mlima uliokuwa ukipanda, taratibu, kama kucha zinavyoota.

Alimweleza Profesa wakiwa garini. Profesa alifungua daftari lake.

"Jambo zuri sana hilo," alisema. "Liandike, uniletee nilipige msasa."

Aliandika likizo nzima, mama yake akimwekea chai mezani bila kuuliza swali. Makala ikatoka katika jarida kubwa. Msasa ulikuwa umefanya kazi yake: jina la mhadhiri halikuonekana popote. Lilibaki la Profesa, pamoja na picha ya ukurasa mzima, mhadhiri akiwa amesimama kando ya ufa, na chini yake maneno haya: "Ufa ulio hai. Mtu amewekwa kwa ajili ya kipimo." Ilimuuma, tena sana. Alilia chooni, akanawa uso, akaenda kufundisha darasa la mwaka wa kwanza. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumatatu yake ndiyo aliyoosha kikombe.

Wenzake walimzoea upesi. Walimwita Rula, kwa mapenzi tu, na yeye aliitika. Mtaalamu wa mimea alimwazima kupima miche, wajenzi wa maktaba mpya wakamwazima kupima madirisha, na mkuu wa idara akamwomba, kwa adabu, asivae mikono mirefu siku za safari. Kwenye harusi za ndugu, kila aliyeambiwa kwamba anasoma nyufa alimjibu kwa ile methali ya ufa na ukuta, naye alicheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Alikuwa mtu wa subira. Labda ndilo lililomponza.

Miaka ikaenda. Akaomba kupandishwa cheo awe mhadhiri mwandamizi. Kamati ilimpa kiti na glasi ya maji. Mwenyekiti, mwanamke mpole aliyewahi kusoma naye, alivua miwani kabla ya kusema.

"Dada, kazi yako tunaiona. Tatizo ni kwamba katika machapisho yote ya ufa huu wewe umetajwa kama kifaa. Na kanuni haituruhusu kupandisha kifaa cheo."

"Mimi ndiye niliyegundua kwamba unasogea."

"Hatubishi. Hata nyota, darubini ndiyo huziona kwanza."

Wajumbe waliinamisha vichwa kwa masikitiko ya kweli. Kama kumliwaza, wakaagiza asiachwe juani muda mrefu, mistari isije ikapauka.

"Na huyo Profesa wako alisema nini?" mama yake aliuliza jioni.

"Ni mjumbe. Ndiye aliyetoa wazo la jua."

Mama alisonya, sonyo refu lililodumu mpaka maji yakachemka.

Mwaka ambao Profesa alistaafu, ufa ulipewa jina lake, na kibao cha shaba kikapigiliwa korongoni. Mama alishikilia kwamba naye ataenda, akaenda na mwavuli wake. Mpiga picha wa gazeti aliutazama ufa, akalalamika kwamba ukubwa wake hauonekani. Watu wote wakamgeukia mhadhiri. Hakuna aliyemwamuru. Angeweza kukataa, na alilifikiria hilo kwa dhati. Lakini tabaka lilikuwa halijapimwa mwaka huo, na asiposimama yeye hakuna ambaye angejua limefika wapi. Akavua koti, akaegemea. Lilikuwa limefika mbavuni, chini kidogo ya moyo.

"Na huyu nimwandike nani?" mpiga picha aliuliza.

"Andika mita moja na sentimita sitini na mbili," alisema Profesa, kwa ule upole wake.

Hapo mama alifunga mwavuli. Alitaja jina la mwanawe, kisha la baba yake, kisha la babu yake, kwa sauti iliyovuka korongo na kurudi. Mpiga picha aliandika yote mawili, jina na urefu. Kesho yake gazeti likatoka. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo chini ya picha walichapisha urefu.

Mwaka uliofuata walirudi korongoni kupima. Kiongozi sasa alikuwa kijana aliyerithi kiti cha Profesa na ambaye mhadhiri alimfundisha mwaka wake wa kwanza. Waliposhuka garini walikuta mwangwi bado unalirudia lile jina, la kwake, la baba yake, la babu yake, wazi kabisa, kutoka ukuta mmoja wa mwamba hadi mwingine. Wanafunzi walisikia. Dereva alisikia, akapunguza redio. Kijana alisubiri kwa heshima mpaka likafika mwisho.

"Haya, Mwalimu," alisema, akiinua kamera. "Simama hapo, tuone ukubwa."

Mhadhiri alivua koti, akaegemea. Tabaka lilikuwa limepanda sentimita tatu.