Taka Haziswaliwi

Bimdogo alipandwa na mori asubuhi hiyo. Jana yeye na watoto wa kakake walikwenda mandari kwa miguu, toka Ngome ya Yesu hadi bustani ya Mama Ngina, wakapiga hema mbele ya bahari, wakala pilau, wakalala raha mustarehe. Sasa vijana walikuwa wakikunja hema, na mifuko ya nailoni na makopo waliyobebea chakula hayaonekani.

“Taka ziko wapi?”

“Tumezizika, shangazi,” Taib alijibu kwa majivuno. “Hapana atakayejua kwamba tulilala hapa.”

“Mumezizika? Mumeziosha? Mumezikafini? Nani aliyeziswalia?”

Wenzake Taib wakaangua kicheko. Bimdogo hakucheka.

“Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyinyi mumekuja, mwenyeji mwamjaza uchafu tumboni, kisha mwamfunika mchanga asiseme!”

“Lakini zitaoza, shangazi.”

Bimdogo alimtupia miguuni mwiko wa pilau.

“Nailoni? Tutaoza mimi na wewe, Taib, na makaburi yetu yatasahauliwa, nayo ingali mpya. Fukua!”