Tuta la Mbao za Paa

Fundi seremala alimpenda dada yake, hilo halina ubishi. Dada ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Basi dada alipotoka hospitali mwili umekwisha, daktari amesisitiza mboga mbichi, fundi akaenda kumjengea tuta la kuinuliwa uani, ubavu wa mbao hadi magotini, asihangaike kuinama. Mbao safi hakuwa nazo. Alikuwa na masalio ya paa la mteja, yaliyokwisha kunyweshwa dawa ya mchwa, ile kali yenye fuvu kwenye kopo. Akajiambia, aah, njegere zinapanda juu, dawa itabaki chini. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno!

Ni zile njegere zinazoliwa pamoja na maganda yake. Zilitambaa kwenye kamba, zikatoa maua meupe, zikazaa kweli kweli. Kila Jumamosi dada akampelekea bakuli karakanani. Fundi anashukuru, meno yote nje. Dada akishageuka, anazimwaga kwenye shimo la taka.

Usingizi ukamhama. Mara kadhaa alifika kwa dada akiwa amejiandaa kusema, akamkuta anamsifu kwa majirani: "Mnamwona ndugu yangu? Bila yeye ningekuwa nimeshazikwa!" Ulimi ukawa mzito. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu, jamani, alikuwa anaficha maradhi ya mwenzake. Alijichukia, na bado akanyamaza.

Jumamosi moja dada hakuondoka. Alivuta kigoda akaketi katikati ya maranda.

"Leo kula nikuone. Umekonda kuliko mimi mgonjwa."

"Nimeshiba, dada."

"Shibe gani hiyo? Hebu fungua mdomo." Akamtia ganda moja mdomoni, kama alivyokuwa akimlisha utotoni.

Fundi akalitema. Halafu akaangua kilio, mtu mzima na ndevu zake, akasema yote: mbao, dawa, fuvu kwenye kopo.

Fundi alisubiri kofi, na lingekuja angelishukuru.

"Wakati ule hukujua," dada akasema taratibu, akimtafutia pa kutokea kama kawaida yake. "Umekuja kuambiwa juzi juzi tu, sivyo?"

Fundi akainamisha macho kwenye maranda.

"Hizi ninazokuletea, ulikuwa unazila?"

"Nilikuwa nazitupa."

"Tangu lini?"

"Tangu bakuli la kwanza, dada."

Dada akaanza kuinuka kwa shida. Fundi akaruka kumpa mkono, kama anavyofanya siku zote. Dada akaukwepa, akashika meza.