Manjano Ndani ya Pijo

"Futa tena, mama Beverly. Upande wangu sasa ni maziwa matupu."

Elmina aliinama akasugua kioo kwa pindo la leso aliyojitanda. Ukungu wa nje ulikuwa umelala juu ya majani chai. Wa ndani ulitoka chini ya dashibodi, mvuke wenye harufu tamutamu, na zulia miguuni mwake lilikuwa chepechepe. Pijo la mumewe Jairus, aliyeshika usukani, lilikuwa kuukuu kuliko binti yao. Na binti mwenyewe, Beverly, alikuwa karibu kujifungua. Gari hili ndilo lililotegemewa kumfikisha hospitalini Longisa.

"Beverly haingii humu," Elmina akasema. "Uchungu umshike, kioo kimejifunga hivi, utatupeleka hospitali ama mtoni?"

Jairus alicheka, lakini akapunguza mwendo, akakata kona kuelekea gereji ya Mogogosiek.

Fundi Chepyegon alipiga magoti, akanusa zulia. "Rejeta ndogo ya hita imetoboka. Tunaunganisha tu hizi paipu mbili, maji isipite ndani. Imeisha."

"Na hita?"

"Hita ya nini, mama? Kwani mko Ulaya?"

"Niko Konoin. Baridi ya hapa unaijua, na hita ndiyo inakausha kioo. Weka ingine."

"Ni kutoa dashibodi yote."

"Toa."

Ikatolewa. Rejeta yenyewe haikuzidi mkate kwa ukubwa. Chepyegon akaigonga juu ya jiwe, na tope la njano likadondoka, likinukia mchuzi. Elmina alichota kidogo kwa kidole, akanusa, akanusa tena.

"Jairus."

Mzee alikuwa anatazama mashamba ya chai ya watu kwa makini sana.

"Manjano yangu ya jikoni hii. Na mimi nimemnunia Jentrix wa jirani tangu Krismasi, nikidhani ni yeye anaichota."

"Ogari wa kiwandani aliniambia ukiitia kwenye rejeta inaziba tundu," Jairus akanong'ona.

"Imeziba kila kitu, mzee, isipokuwa tundu," fundi akasema, na wote watatu wakacheka mpaka wakashika gari. Ewe mama mwenye gari kuukuu nyumbani, manjano ikipungua, usianze na jirani.

Chepyegon akaleta rejeta mbili kutoka kibandani. Moja ilikuwa mpya, inameta. Nyingine ya shaba, imetoka kwenye Pijo lililokufa. Jairus alishika inayometa. Elmina akaipokonya, akailaza juu ya ile iliyotoboka, kama mtu anayejaribu kifuniko cha sufuria. Midomo ya paipu ilitazama kwingine.

"Hii italazimishwa, na kitu cha kulazimishwa hupasukia njiani. Lete ya shaba. Jairus, ziba mdomo mmoja, pulizia huku, tuone."

Jairus akaizamisha kwenye karai la maji, akapuliza, mashavu yamefura kama chura. Hakikutoka kiputo hata kimoja.

"Hewa unayo," mkewe akasema. "Ni akili tulikuwa tunatafuta."

Wakasafisha mfumo wote mpaka maji yakatoka bila njano, wakafunga rejeta ya shaba, wakajaza kulanti ya kupoza injini badala ya maji ya mto. Injini ikanguruma hita ikiwa wazi, Chepyegon akiminya paipu ili hewa iliyonaswa itoke. Elmina aliweka kiganja mbele ya dashibodi. Baridi. Baridi bado. Halafu hewa ikaja, vuguvugu, kama pumzi ya ndama.

Beverly alishikwa na uchungu siku ya mvua ya mawe. Waliporudi kutoka Longisa, ukungu ulikuwa umemeza chai yote mpaka barabarani, lakini kioo kilikuwa safi kama maji ya chemchemi. Beverly alikuwa nyuma, amelala, miguu imepata joto.

"Futa kioo, nyanya," Jairus akachokoza.

Elmina hakuinua macho. Alivuta pindo la leso, akafunika kidole kidogo kilichochomoza.

"Leso ina mtu," akasema.