Wa Hatari

Mama Pasi alikalia upande mmoja wa tako, maana kukaa sawasawa kulikuwa sawa na kukalia kaa la moto. Alikuwa amekunja kitambaa na kukiweka ndani ya nguo, na bado alihisi usaha umepenya. Tumbo lilikuwa limeshuka. Mtoto alikuwa wa leo au kesho. Mlango wa chumba cha sista haukuwa na kitasa, haukufungika, na foleni nzima ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito ilisikia kila lililosemwa ndani.

“Kisonono,” sista alisema. “Nadhani. Lakini mimi sitibu nadhani. Kipimo nimechukua, kitakwenda mjini. Subiri majibu.”

“Sista, nitazaa kabla ya majibu.”

“Basi utazaa.”

Binti yake wa kwanza alizaliwa macho yamevimba kama majipu, ukiyafungua yanatoa usaha. Mimba ile pia alikuwa na uchafu huu huu na maumivu haya haya, akaambiwa asubiri, akasubiri. Sasa binti yule anawajua watu kwa nyayo zao.

“Pale ukutani pameandikwa wengine hawasubiri,” alisema Mama Pasi.

“Hao ni wa hatari. Boksi hili la sindano limeletwa kwa ajili yao. Madereva wa malori, dada wa baa, watu wa namna hiyo.”

“Mume wangu ni dereva wa lori.”

“Basi aje yeye.”

“Lakini anayelala naye ni mimi.”

“Wewe ni mke wa mtu. Mke si wa hatari. Una wanaume wangapi?”

“Huyo huyo mmoja.”

“Umeona mwenyewe?” Sista aliifuta meza. Boksi lilikuwa hapo hapo, karibu na kiwiko chake, limefunguliwa.

Mama Pasi aliliangalia. “Basi niweke huko kwa wa hatari.”

“Siwezi kukuweka. Jiweke mwenyewe. Sema unauza.”

“Nauza nini?”

Foleni ikaangua kicheko. “Anauza mashati ya watu!” mmoja akasema. “Mwambie, anauza mvuke!” Maana kazi yake ilikuwa kupiga pasi sare za madereva, chini ya turubai, penye ukuta wa yadi ya malori. Wifi yake, dada wa mume, alikuwa kwenye foleni hiyo na mtoto mgongoni. Yeye hakucheka.

“Unajua ninachosema,” sista alisema. “Nikikuchoma bila neno hilo, wakaguzi wakija nitawajibu nini? Sema, au nipishe nihudumie wenzio.”

Mtoto tumboni aligeuka. Mama Pasi alishika ukingo wa meza.

“Nauza.”

“Sijasikia.”

“Nauza!”

Nje neno likarudiwa kwenye foleni, mdomo hadi mdomo. Sindano ilimwingia nzito, ikauma hadi kwenye kisigino. “Na mumeo mwambie aje,” sista alisema akitupa pamba, “asije akakurudishia.”

Neno lilifika nyumbani kabla yake. Lenyewe halikuwa na tumbo la kubeba.

Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini. Hakusogea kumpisha.

“Karibu, mfanyabiashara.”

“Mama, nilisema vile ili nipate dawa. Ugonjwa kanipa mwanao.”

“Mwanangu?”

“Apimwe. Akikutwa hana, nitaondoka hapa kwa miguu yangu.”

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa na hakika, kama mtu anavyokuwa na hakika na mlango wa nyumba yake. Mama mkwe akasogeza magoti, akampisha.

Mume aliporudi safari na kuambiwa, hakuwaka. Hilo lilimshangaza. “Nitapimwa,” alisema huku akila. “Mimi mzima kama chuma. Ngoja tu nipumzike, uchovu uishe.” Alipumzika wiki nzima, akaenda kupimwa akipiga mluzi.

Mtoto alizaliwa kabla ya majibu. Wa kiume. Mama Pasi hakuuliza uzito wala hakutaka kujua anafanana na nani. Alimpangusa uso, akangoja. Mtoto akafumbua macho, meupe, makavu, akayaelekeza kwenye mwanga wa dirisha. Mama mkwe aliletewa habari jikoni, akasema atamtazama majibu yakija.

Majibu yalipokuja walikwenda wote: mume, mama mkwe, wifi, na Mama Pasi na kichanga chake, bado anatembea kwa kujikaza. Mume akatangulia kuingia.

“Shikamoo, Mama Jumamosi!”

“Marahaba,” sista aliitikia, kisha akainua macho haraka.

Pale zahanati hakuna aliyemwita hivyo. Jina hilo lilikuwa la yadini. Madereva walilicheka wakisubiri mashati yao, na Mama Pasi alilisikia kila wiki akidhani ni mzaha wao tu: sista anayepita na boksi kila Jumamosi, anamchoma kila aliyerudi safari kabla hajafungua mdomo. Kama kubadilisha oili, walisema. Unaingia mchafu, unatoka msafi.

“Hana kitu,” sista alimwambia mama mkwe. “Mwanao msafi.”

“Sista,” Mama Pasi alisema. “Si ulimchoma wewe mwenyewe? Umemchoma kwanza, ndipo akaja kupimwa. Huo ugonjwa utaonekanaje?”

Sista alimtazama mume. Mume alikuwa anachezea funguo za lori.

“Habari za mgonjwa mwingine sitoi,” sista alisema. “Ni siri.”

“Yangu mbona foleni yote iliisikia?”

“Yako uliisema mwenyewe. Mimi sikusema.”

“Na ya kwangu ya mjini? Majibu yangu yanasemaje?”

“Yako yalikuja. Unao. Yaani ulikuwa nao.”

Mama mkwe alipiga makofi mara moja, taratibu, kama mtu aliyemaliza kupepeta. “Mume hana, mke anao. Hata kuku atapiga hesabu hiyo.”

“Mama,” wifi alisema kwa sauti ndogo, “na yule wa kwanza? Macho yake yaliharibika kwa nini?”

“Wewe nyonyesha, unyamaze.” Akamgeukia Mama Pasi, akanyoosha kidole kwenye kichanga bila kukitazama. “Na hiki tutajuaje ulikiuza au ulikinunua? Ulisema utaondoka kwa miguu yako. Miguu hiyo hapo. Na kipofu wako mchukue, nyumbani kwangu hakuna wa kumwongoza.”

Mume hakusema ondoka, wala hakusema baki. Alisema anachelewa kupakia.

Mama Pasi alipata chumba nyuma ya stoo ya mkaa, akaweka meza yake mlangoni. Mashati hayakuja. Wake za madereva walisema pasi ya yule mwanamke haitagusa nguo za waume zao. Waliokuja walikuwa waume wenyewe, mikono mitupu, wakiegemea fremu ya mlango na kuuliza kama bado anauza. Mama Pasi aliinua pasi, makaa yakiwa mekundu ndani yake, nao waliondoka wakicheka. Aliwafukuza hivyo hadi mkaa ulipokwisha na mwenye stoo akakataa kumkopesha tena.

Mume alikuja Alhamisi, ametoka moja kwa moja kwenye lori, vumbi bado liko kwenye nyusi. Alibeba mfuko wa unga. Mama Pasi aliinua pasi.

“Utamchoma mumeo?”

“Mume gani?”

“Basi mteja.” Aliigusa pasi kwa kiganja, akauacha mkono juu yake. Ilikuwa baridi. Aliuweka mfuko wa unga mezani. Tangu jana hakuna aliyekula mle ndani, na maziwa yalikuwa yameanza kukauka.

“Umepita yadi, kwa Mama Jumamosi?” Mama Pasi aliuliza.

“Leo Alhamisi,” mume alisema, kama anayemjibu mtoto.

Binti alikuwa amekaa sakafuni kwenye kona. Alisikia nyayo zikivuka kizingiti, uso wake wote ukachangamka.

“Baba! Ni baba! Umekuja kutuchukua?”

Mume alisukuma mlango kwa kisigino, ukafungika. Juu ya shuka lililokunjwa, kichanga kilikuwa macho. Macho yake hayakuwa na tongo hata chembe. Yalimfuata yule mwanaume kutoka mlangoni hadi kitandani, taratibu, bila kupepesa.