Mdungusi Umepewa Maji?

Siku hizi baba yangu ana swali moja tu, na anamuuliza kila anayeingia chumbani kwake. Haulizi habari za kazi, wala kama umekula. Anakutazama kwa ule upande wa uso unaomtii, kisha anasema, "Mdungusi umepewa maji?"

Mdungusi wenyewe ulikuwa nje ya dirisha lake, kwenye ua wetu wa mchanga na kokoto ambako hata magugu yamekata tamaa. Ni wa ile aina inayosimama wima kama nguzo, shina moja nene lenye miiba, bila tawi wala jani. Baba aliuotesha kwa mbegu kabla sijaanza shule. Nilipomaliza shule ulikuwa haujanifika magotini. Mpaka naota mvi ulikuwa umenifika begani, na ulikuwa haujawahi kutoa ua hata moja. Wakati fulani nilimwambia kwamba angepanda mpapai tungekuwa tumeshakula mpaka tukachoka. Alinijibu kwamba mpapai ni mti wa watu wenye haraka zao.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kuumwagilia alichomeka kijiti ardhini mpaka chini kabisa. Kikitoka na udongo umenata, aligeuka na ndoo yake akaenda zake. Alikuwa mkaguzi wa mizani masokoni na hakuamini jicho la mtu, hata lake mwenyewe. Uongo ndio hakuutaka kabisa. Nyumbani kwetu ungeweza kuvunja sahani ukasamehewa, lakini ukisingizia paka ungeijutia siku uliyozaliwa. Mimi na kaka yangu tumekua hatujui hata kumwambia mtu kwamba nguo yake mpya imempendeza kama haikumpendeza. Watu wanadhani hatuna adabu.

Kisha kiharusi kikamlaza. Ya zamani anayakumbuka mpaka vifungo vya sare yake, ya asubuhi yanamtoka kabla ya mchana. Mama anamgeuza, anamlisha, anambadilishia mashuka. Mimi nashinda nimesimama kwa dobi nikipiga pasi mashuka ya hoteli, kisha narudi nyumbani kufua ya kwetu. Kaka yangu anaendesha boza la maji, na kila asubuhi analiegesha langoni aje kumwogesha mzee kabla ya kwenda kugawa maji mitaani. Tumechoka sote, uchovu ule ambao ukikaa unaogopa hutasimama tena. Tunapishana mlangoni bila maneno, mmoja akiingia, mwingine akitoka.

Sasa swali kama lile utalijibu vipi? Ukisema hapana, mzee anahangaika, anataka kushuka kitandani kwa mguu usiomsikiliza. Kuna siku alianguka, tukamwinua kwa shida. Ukisema ndiyo na hujaumwagilia, umemdanganya Baba. Mimi nikapata njia. Nikachota kikombe cha maji, nikatoka nje, nikaumwagia, nikarudi kumwambia kwamba umepewa. Akafumba macho, akalala. Nilijiona nina akili sana.

Siku yangu ya mapumziko nilitoka asubuhi na kikombe changu, nikamkuta kaka yangu ameshatangulia. Ameinamisha dumu zima kutoka kwenye boza, anamimina polepole kama anayemwogesha mtoto mchanga. Kabla sijafungua mdomo, Mama akatokea mlango wa jikoni na beseni la maji aliyosuuzia vyombo.

"Tangu lini, Mama?" nikamuuliza.

"Tangu alipoanza kuuliza. Ningemjibu nini?"

Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Kila mmoja wetu alikuwa akiulizwa, na kila mmoja alikuwa akienda kuifanya ndiyo yake iwe ya kweli, tena si mara moja kwa siku. Nikainama kuliangalia shina. Chini lilikuwa limegeuka kahawia, na nilipolibonyeza kwa mpini wa kijiko kilichokuwa kwenye beseni la Mama, mpini ulizama kama kwenye ndizi iliyooza. Yakatoka maji meusi yenye harufu mbaya. Kijiti cha Baba kilikuwa bado kimesimama pale pembeni, na katika sisi wajanja sote hakuna aliyewahi kukichomoa.

Kaka alisema tuung'oe tu, tumwambie Baba kwamba... halafu akageuka kulifunika dumu lake.

Lakini Baba alikuwa amenifundisha zamani kwamba penye uozo pakiondolewa pote, kichwa cha mdungusi kinaweza kuishi. Unakata mpaka ufikie nyama safi. Unakiacha kivulini, penye hewa, mpaka kidonda kikauke na kufunga, ndipo unakisimamisha kwenye kokoto kavu kitafute mizizi. Kazi hiyo inachukua wiki nyingi, na katika wiki hizo hakitakiwi kuonja maji. Ukikionea huruma umekiua.

Kaka aliushika kwa blanketi kuukuu, mimi nikakata kwa msumeno niliousafisha kwa spiriti. Katikati palikuwa na doa la kahawia. Nikasogea juu kidogo nikakata tena, doa lipo. Kila mara Mama alisema hapo sasa basi, na kila mara haikuwa basi. Tulipofikia nyama safi, kilichobaki kilikuwa na urefu wa mkono wangu. Hapo nililia, na sikulilia mdungusi peke yake.

Nyumbani kwetu mahali pakavu penye kivuli na hewa ni chumbani kwa Baba tu. Tukakisimamisha kipande kile ndani ya ndoo tupu, miguuni pa kitanda chake. Kisha nikakaa karibu naye nikamweleza yote, kikombe, dumu na beseni, maana ndivyo tulivyolelewa. Nikamwambia tuliumwagia maji ili tusimdanganye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Upande mmoja wa mdomo ukatabasamu.

"Mngesema tu ndiyo, mwanangu," alisema.

Mama akatoka nje. Mimi nilikasirika, nasema ukweli. Maisha yetu yote ametuweka kwenye mzani wake, halafu leo anashuka kirahisi namna ile, kama mtu aliyeambiwa gari lake limefika. Nilikwenda kufua mashuka, na niliyasugua kuliko yalivyohitaji.

Kesho yake asubuhi alikuwa amesahau kila kitu. Akakiona kipande kwenye ndoo, kikavu, hakina mizizi, wasiwasi ukamwingia usoni. Akamgeukia Mama.

"Mdungusi umepewa maji?"

Mama alikuwa ameshika kikombe cha maji ya kumezea dawa. Nikaona macho yake yanatoka usoni kwa Baba, yanakwenda kwenye ndoo, na mkono nao ukaanza kufuata. Hata yeye hakuwa amejifunza lolote lingine katika ndoa ile. Nikasogea, nikakichukua kikombe mkononi mwake.

"Umepewa, Baba," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli."

Akaniamini palepale, akafumba macho. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumdanganya. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikayanywa yale maji mwenyewe mpaka yakaisha, kisha nikaenda kumletea mengine ya dawa.